Maji ya mfereji Nakuru: yapimwe risasi, au tunatishana bure?

Mpangaji Bondeni: Juzi fundi alikata bomba la chuma jikoni kwangu. Kutu ilikuwa imejaa, penseli tu ndiyo ingepita. Nauliza: kwa nini risasi, ile metali yenye sumu, isipimwe kwenye mifereji ya majumbani, matokeo yakabandikwa sokoni? Kule Flint, Marekani, mwaka 2014 walibadilisha chanzo cha maji bila kuweka dawa ya kukinga mabomba. Maji yakayala mabomba, risasi ikaingia majini, watoto wakainywa.

Mzee wa Njoro: Risasi ni ya Wamarekani. Yetu ni floridi, madini ya majini yanayotia meno kahawia. Tazama mtu meno tu, utajua kakulia wapi.

Binti Bahati: Hapo mzee umenichoma. Meno yangu ni ya kahawia tangu nikiwa darasa la pili. Hadi leo nikicheka naziba mdomo. Hukuona mfano mwingine?

Mzee wa Njoro: Pole binti yangu, hata mimi ninayo. Visima vyetu viko kwenye miamba ya volkano, vingi vinapita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani (WHO).

Jirani Kisumu: Si mchemshe tu?

Fundi Lanet: Hapana ndugu! Kuchemsha kunaua vijidudu. Floridi haipandi na mvuke, risasi vilevile. Maji yanapungua, sumu inabaki sufuriani. Na mzee, usiseme risasi ni ya Wamarekani. Hata koki ya shaba ya njano inaweza kuwa nayo. Maji yakilala humo usiku kucha, ya asubuhi yaachie kwanza, oshea ndoo.

Jirani Kisumu: Nyinyi mna maji ya kuachia? Huku jerikani nanunua.

Fundi Lanet: Sijasema umwage. Nimesema oshea ndoo. Soma vizuri.

Mpangaji Bondeni: Jamani, swali langu lilikuwa kupima. Risasi haina rangi wala ladha. Nitaijuaje?

Binti Bahati: Kaka, samahani, mimi niko kwa meno bado. Mwanangu ana miaka mitatu. Ya ukubwani yanajiunda sasa hivi ndani ya ufizi, na hapo ndipo floridi inapoyaharibu. Ule mkaa wa mifupa wa kuchuja floridi, kuna anayeutumia?

Mzee wa Njoro: Mimi hapa. Unafanya kazi, lakini unachoka, lazima ubadilishwe. Na usimchotee mtoto kisimani. Kinga maji ya mvua kwenye mabati, umwekee yake kando.