Mlitufundisha "kupaza sauti", mama wa watu kafungua mdomo mkamzimia maiki!

Wakuu, shikamooni wakubwa, na kwa wa nyumbani ugonile, kamwene. Naandika nikiwa na hasira, nikikosea herufi mnisamehe.

Mimi nalima viazi mviringo huku juu mkoani Mbeya, upande wa Isyonje, barabara ya kwendea Kitulo. Mwaka huu lilitujia shirika moja (jina kapuni, sitaki kesi) na mradi wa kuwasaidia wakulima waseme hadharani mambo ya kilimo na chakula. Mafunzo siku nne kwenye darasa la shule ya msingi, soda, nauli, tisheti. Sikatai, siku ya pili ilikuwa na maana. Kijana mmoja alikuja na nakala za sheria akatusomea taratibu. Ndipo wengi tulipojua kwamba tangu bajeti ya 2017 ukisafirisha mazao yasiyozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine hudaiwi ushuru wa mazao. Wiki ileile mama mmoja kasimamishwa geti la ushuru na magunia yake manne, akawajibu vilevile alivyofundishwa, wakatazamana, mti ukainuliwa. Kijijini tulicheka siku mbili.

Basi huyohuyo mama tukamchagua atusemee kwenye kongamano mjini Mbeya. Wala hatukubishana. Hajasoma sana ila akisimama mkutano wa kijiji mtendaji anaanza kupekua makaratasi.

Na cha kusema tulikubaliana wenyewe: lumbesa. Kwa ambao mnanunua viazi kwa kilo huko Dar na hamjui, ni hivi. Dalali anakuja na magunia yake na vijana wake wa kushona. Gunia likijaa hawashoni, wanaweka kilemba, wanazungushia kamba, wanapanga viazi kwenda juu mpaka gunia linakuwa kama mtu kabeba mtoto kichwani. Bei ni ya "gunia". Msimu uliopita niliazima mzani kwa jirani nikapima moja: kilo 138. Nililiuza elfu sabini. Kwa hiyo badala ya kuuza kilo kwa shilingi 700, kama gunia lingekuwa la kilo 100 za halali, nimeuza kwa kama 507. Nilipakia magunia 40 siku ile. Pigeni hesabu, ni kilo 1,520 zimeondoka bure, gunia 15 na ushee! Mbegu yangu, mbolea yangu, dawa ya ukungu niliyopiga kila wiki kwa mvua za huku, vyote vimo humo kwenye kilemba. Na Sheria ya Vipimo, Sura 340, ipo. Gunia lisizidi kilo 100. Kila mtu anaijua, hata dalali anaijua, ndiyo maana anapakia usiku.

Sasa sikilizeni. Siku mbili kabla ya kongamano, mratibu wa mradi akaja na karatasi iliyochapwa. "Mama utasoma hii." Nimeisoma mwenyewe kwa macho yangu: "Sisi wakulima wadogo tunatambua mchango wa wadau katika kuimarisha mnyororo wa thamani..." Mnyororo gani? Huku mnyororo tunaoujua ni wa ng'ombe. Mama akauliza, lumbesa iko ukurasa gani? Akajibiwa hilo ni jambo nyeti, linaweza kuchukuliwa vibaya, wafadhili watakuwepo.

Mama akakaa kimya. Sisi tunaomjua tukajua kuna jambo.

Siku yenyewe, ukumbi umejaa, itifaki imezingatiwa mpaka saa tano. Wamezungumza wataalamu saba kuhusu mkulima, mkulima mwenyewe kapewa dakika tatu kabla ya chakula. Mama akapanda, karatasi akaiacha mezani, akafungua kikapu chake akatoa ile kamba ya kilemba, akaishika juu. Akamgeukia mgeni rasmi, "Mheshimiwa, mwanangu, hii unaijua?" Ukumbi ukalipuka. Alipofika kwenye "gunia langu lina kilo mia na..." maiki ikazima. Mshereheshaji huyo mbio, "Mama, muda, muda!", na muziki ukawekwa. MUZIKI, wakuu. Mama anaongea midomo tu.

Ninyi wa shirika, mngeishia hapo ningenyamaza. Jioni wakarusha picha yake, kashika ile kamba, na maneno chini: "Mkulima akitoa shukrani kwa mradi." Shukrani!

Ibara ya 18 ya Katiba mlitufundisha ninyi wenyewe, kwamba kila mtu ana uhuru wa kutoa maoni. Mliandika ubaoni kwa chaki. Hamkuongeza kwamba maoni yenyewe mtatuletea yakiwa yamechapwa.

Na msituambie malalamiko ya wakulima hayasaidii. Bei ya mbolea ilipopaa 2021 na 2022, watu walilia mpaka kila pembe ikasikia, na Agosti 2022 ruzuku ikazinduliwa hapahapa Mbeya, Nane Nane. Hatukuwa na karatasi ya mtu. Tulitaja bei ya mfuko, basi.

Najua watakuja wa "undeni ushirika", "msimuuzie dalali". Karibuni Isyonje, kiazi kimeshachimbwa, kimewekwa kando ya barabara, mvua inanyesha, ada ya mtoto inadaiwa, na lori ni moja tu. Kataa wewe kilemba tukuone. Kiazi si mahindi, ukikikalia kinakuwa kijani na kuoza. Ndiyo maana mkulima mmoja mmoja hawezi kusema kule shambani, ilibidi asemee kule ukumbini. Kule ndiko mlikomzimia.

Mama mwenyewe hana hasira kama mimi, kaniambia "mwanangu, kamba waliiona." Ile tisheti kaivisha sanamu la kutishia ngedere shambani.

Ombi langu humu: kuna aliyewahi kumpeleka dalali kwa watu wa vipimo na magunia yakashushwa yakapimwa upya? Aje aseme ilikuwaje, wilaya gani, na viazi vilisubiri siku ngapi barabarani.