Yerusalemu iliokoka, Lakishi ikaanguka: nifundisheje 2 Wafalme 18–19?

Mshika_Zamu:
Bwana asifiwe, wapendwa. Nimepangiwa kuongoza somo la saa moja juu ya ulinzi wa Mungu, na sura nilizopewa ni 2 Wafalme 18 na 19. Malaika kuwapiga Waashuri 185,000 usiku mmoja, hapo sina shida. Kinachonikwaza ni 18:13: Senakeribu, mfalme wa Ashuru, alitwaa miji yote ya Yuda yenye maboma, Lakishi ukiwa mmojawapo. Je, wa Lakishi hawakuwa watu wa Mungu? Mtu akiniuliza hivyo nimjibu nini?

Msoma_Aya:
Ndugu, jibu limo humohumo, ila watu hulipita mbio wakimkimbilia malaika. Fungua 19:25. Mungu anamwambia Senakeribu kwamba ni Yeye aliyelipanga jambo hili tangu zamani, miji yenye maboma ifanywe magofu. Kwa hiyo Lakishi haikumponyoka Mungu. Isaya 10:5 inamwita Mwashuri fimbo ya hasira ya Mungu, na aya ya 15 inauliza kama shoka laweza kujisifu juu ya anayelishika. Kisha rudi 2 Wafalme 19:28: fimbo ileile inatiwa kulabu puani na kurudishwa njia iliyojia. Enzi ya Mungu ndiyo pana. Ulinzi wa Yerusalemu ni tendo moja ndani yake. Ukifundisha ulinzi peke yake, swali la Lakishi litakushinda.

Halafu pima ahadi yenyewe, 19:32-34, neno kwa neno. Hataingia mji huu, hatapiga mshale humu, hataujia kwa ngao, hataujengea boma. Ni mambo manne, ya mji mmoja, dhidi ya mfalme mmoja. Sababu inatajwa pia: kwa ajili yake mwenyewe Mungu, na kwa ajili ya Daudi mtumishi wake. Wema wa wakazi haumo! Basi usiruhusu kikundi kihitimishe kwamba wa Lakishi walikosa imani na wa Yerusalemu walikuwa nayo. Kweli Mika 1:13 inailaumu Lakishi kuwa chanzo cha dhambi kwa binti Sayuni, lakini maana yake ni kwamba Sayuni nayo ilikuwa na dhambi hiyohiyo.

Kalamu_na_Waraka:
Naongezea upande wa historia. Ni mwaka 701 KK. Kumbukumbu za Senakeribu mwenyewe zinadai aliteka miji 46 ya Hezekia, mfalme wa Yuda, na kumfungia Yerusalemu kama ndege tunduni. Hasemi popote kwamba aliuteka mji, na huyo si mfalme wa kuficha ushindi. Kuta za jumba lake Ninawi alizipamba kwa picha za kuanguka kwa Lakishi. Kuhusu kodi, dhahabu ni talanta 30 kwake na katika 18:14 vilevile. Fedha yeye anaandika 800, Biblia 300. Usipoteze dakika kumi kwenye tofauti hiyo.

Kosa jingine ni kumfanya Hezekia mtu aliyekaa tu akaomba. 2 Nyakati 32 inasema aliziba chemchemi za nje, akajenga ukuta, akaleta maji mjini. Mfereji wake huo wa chini ya mwamba una urefu wa mita 533 hivi. Lakini soma na Isaya 22:11 papo hapo: walitengeneza birika, wasimwangalie aliyeyafanya hayo. Kuchimba hakukuwa dhambi; kosa lilikuwa kutomwangalia Mungu.

Mshika_Zamu:
Nimewaelewa, asanteni. Na Zaburi 91 je? Nilitaka kufungia nayo.

Msoma_Aya:
Fungia nayo, ila uisome pamoja na Mathayo 4:6. Ibilisi anainukuu 91:11 na kuyaacha maneno "katika njia zako zote", kisha anamtaka Yesu ajitupe. Hivyo ndivyo ahadi inavyogeuzwa kuwa hirizi. Yuda walifanya vivyo hivyo baada ya Hezekia: Yeremia 7:4 inawanukuu wakirudia "Hekalu la BWANA" mara tatu, na mwaka 586 KK mji uleule ukateketezwa na Wababeli.

Muda ugawe hivi: dakika 15 Lakishi na barua ya vitisho ya Senakeribu (19:14), 20 maombi ya Hezekia (19:15-19) na jibu la Isaya, 15 Yeremia 7, zilizobaki ni za maswali. Hakikisha wameiona 19:19: Hezekia anaomba waokolewe ili falme zote za dunia zijue kwamba BWANA ndiye Mungu peke yake.

Mama_Zaburi:
Watakuuliza pia kuhusu Agano Jipya, mwanangu. Wapeleke Matendo 12. Yakobo anauawa kwa upanga aya ya 2. Petro, mwenye minyororo miwili na askari 16 wa zamu, anatolewa gerezani na malaika. Ni sura moja, Herode yuleyule. Luka haelezi kwa nini huyu na si yule. Nawe usijaribu kueleza.