Mafunzo ya homiopathi ya bure huku Kayole, mdogo wangu aendelee ama aachane nayo?

MamaTaji_Kayole
Habarini wadau. Kuna wageni wa ng'ambo wanafanya kliniki ya bure kila Jumamosi kwa ukumbi wa kanisa huku kwetu, wanapeana vile vidonge vidogo vyeupe vitamu, na sasa wanatafuta vijana wa kufunza homiopathi, ndio hiyo tiba yao ya vidonge, hakuna karo, cheti unapewa mwishoni, hata chai na mkate iko. Mdogo wangu alimaliza fomu foo pesa ya kuendelea ikakosa, saa hii ashajiandikisha na kichwani ni daktari kabisa. Hao watu ni wazuri siwezi sema uongo, hawaombi hata shilingi, shosho wa ploti yetu anawasifu eti magoti yametulia. Ila kuna jirani anakohoa tangu mwezi jana na yeye amepewa hivyo hivyo vidonge, hapo ndio nimeshtuka. Mnaonaje?

nesi_wa_zamu
Tuanze na jirani, hayo mengine yatangoja. Kikohozi kikipita wiki 2 unapimwa TB, hungoji Jumamosi ingine. Aende hospitali ya serikali atoe makohozi, akipatikana nayo dawa ni za bure, atameza miezi 6 na atapona. Asipotibiwa anaambukiza wale analala nao chumba kimoja. WHO, shirika la afya duniani, walishasema 2009 homiopathi isitumike kutibu TB, malaria, HIV, homa ya mafua wala kuhara kwa watoto, na walisema hivyo baada ya madaktari vijana wa Uingereza na Afrika kuwaandikia barua juu ya kliniki za aina hii hii.

Kuhara ndio kunaniuma zaidi. Niliwahi kupokea mtoto usiku ameishiwa maji mwilini, utosi umebonyea, ukifinya ngozi ya tumbo inabaki imesimama, analia bila machozi, na mama ameshika kachupa ka hivyo vidonge kwa mkono akiniuliza kama ampe vingine viwili. ORS, ile ya unga unachanganya na maji, na zinki tunapeana bure jamani. Mtoto alipona, lakini alifika akiwa amechelewa sana.

Kamaa_hesabu
Mjue tu kilicho ndani. Wanachukua sehemu 1 ya dawa na 99 za maji ama alkoholi, wanatikisa, wanatoa sehemu 1 ya hiyo wanaweka kwa 99 zingine, na ikiandikwa 30C ujue wamerudia mara 30. Ukipita mara ya 12 hivi hakuna hata chembe ya ile dawa ya kwanza imebaki, kilichobaki ni sukari 😂 Alianzisha daktari Mjerumani anaitwa Hahnemann, mwaka wa 1790 alikula gamba la mti wa kwinini akaona mwili unamfanya kama mtu wa malaria, akasema basi kinacholeta dalili ndicho kinatibu. Na kwinini inatibu malaria kweli, ila ni kwa sababu inaua vimelea, na unaimeza ikiwa kwinini, sio kumbukumbu yake kwa maji.

dawa_asili_mpole
Wacheni madharau. Mimi nimepitia hayo mafunzo na kitu nimeona ni watu wanasikilizwa. Mgonjwa anakaa na wewe lisaa lizima unamuuliza usingizi, ndoto, bwana yukoje, kazi ikoje. Huko hospitalini unapanga laini tangu saa kumi na moja asubuhi halafu mtu anakuandikia panado bila kuinua macho. Na India iko kwa sheria wanasomea chuo kikuu.

nesi_wa_zamu
@dawa_asili_mpole hapo kwa kusikilizwa sikupingi, hata mimi naona aibu na vile laini zetu ziko. Shosho magoti yakitulia kwa sababu mtu amemsikiliza na kumshika mkono, heri. Lakini hiyo India unasema wanasoma miaka 5 na nusu, sio wikendi kadhaa na chai. Na Uingereza kwenyewe NHS, huduma ya afya ya serikali yao, walisema 2017 madaktari wao waache kuwaandikia watu homiopathi, sasa mbona kwetu ndio iwe sawa? Mama Taji, waulize hao wageni kitu moja tu, mgonjwa wa kisukari ama presha ama wa ARV za HIV akija wanamwambia aendelee na dawa zake ama wananyamaza? Wakizungusha maneno mtoe huyo mtoto.

Kamaa_hesabu
Na hicho cheti hakimruhusu kutibu mtu Kenya hii, bila kusajiliwa na bodi inayotambulika atakuja kushikwa yeye, wageni wakiwa washapanda ndege.

MamaTaji_Kayole
Asanteni sana. Jirani nimeongea naye, bibi yake anampeleka kesho asubuhi. Huyu wangu ndio kichwa ngumu, anasema nina wivu. Kuna kitu cha afya anaweza kusomea bila pesa nyingi?

nesi_wa_zamu
Aangalie kozi za KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya, ziko za cheti, na HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, wanakopesha wanafunzi wa huko. Akingoja nafasi amtafute CHP, mhudumu wa afya wa jamii, wa mtaa wenu atembee naye nyumba kwa nyumba, aone kama kazi ya wagonjwa ataiweza. Gredi yake ya KCSE, mtihani wa fomu foo, ni gani?

MamaTaji_Kayole
C ya kawaida, baiolojia B.

nesi_wa_zamu
Na ndio mnahangaika na vidonge vya sukari? Niandikie inboksi.