Maadmini wa makundi ya kusomea Mbeya na Iringa, mnawaua wanafunzi wenzenu

Wakuu, ugonile kwa wa Mbeya, kamwene kwa wa Iringa na Njombe.

Nina hasira na sitaificha. WhatsApp inaruhusu watu 1,024 kwenye kundi moja, basi kila admini anajaza tu. Mhandisi Mfaransa Ringelmann alipima watu wakivuta kamba, akachapisha matokeo mwaka 1913: wakiwa wanane, kila mmoja alitoa kama nusu tu ya nguvu anazotoa akivuta peke yake. Hao ni wanane! Wewe unaweka watu 180 kwenye asaimenti moja, halafu unalalamika wanaofanya ni walewale watatu.

Angalieni kinachotokea. Mtu yuko Makete, bando la kuungaunga, anauliza saa mbili usiku: "Swali la 4 (b), ile fomula tunaanzia wapi?" Chini yake inashuka picha ya usiku mwema, mkeka wa kubeti, mchango wa harusi, stika kumi. Kesho yake akirudia anajibiwa "panda juu usome". Haulizi tena. Siku ya kukusanya kazi anaitwa mzigo.

Kazi ya kikundi ni ya watu wanne hadi sita, basi. Kundi kubwa libaki la matangazo na lifungwe, waandike maadmini peke yao. Kwenye kikundi kidogo, kila kipengele kiandikwe na jina la mtu pembeni, kisha ujumbe huo ubandikwe juu. "Tugawane jamani" siyo mgawo.

Halafu mafaili. FINAL, FINAL2, FINAL YA MWISHO. Watu wanne wanasahihisha nakala nne, anayeunganisha usiku anafuta kazi ya mwenzake bila kujua, asubuhi ni matusi. Fungueni waraka mmoja wa Google Docs, wote wapewe ruhusa ya kuhariri. Historia ya matoleo inaonyesha nani kaandika nini na saa ngapi, na kilichofutwa kinarudishwa. Mwenye mtandao wa shida awashe mapema matumizi ya nje ya mtandao, aandike hata umeme na minara ikizima.

Zoom ya bure inakata dakika 40, na nyingi zinaishia kwenye "mnanisikia?" Mkiamua jambo humo, andikeni mistari mitatu kikundini: tumeamua nini, nani anafanya, mwisho lini. "Kesho" siyo muda. Alhamisi saa tatu usiku ndiyo muda, tena siku mbili kabla ya tarehe ya mwalimu.

Na hili linaniuma kuliko yote: kumcheka mtu Kiingereza chake mbele ya watu 180. Rekebisha jibu, mwache mtu. Admini, mfuate mchekaji inbox umwonye mara moja. Akirudia mtoe, hata kama ndiye anayejua hesabu kuliko wote.