Tupeane uzoefu: usalama wako ukiwa epoti ya ugenini

Habari zenu wakuu. Vijana wa Kariakoo wanafuata mzigo Guangzhou, dada zetu wanaenda Muscat na Dubai kutafuta maisha, wengi ndo mara ya kwanza kupanda ndege na wanachoambiwa ni viza na tiketi basi, mambo ya pale epoti hakuna anayewaambia. Tupeane uzoefu, naanza mimi.

Nipo Guangzhou foleni ya kuchekin narudi Dar, akaja mama wa makamo, Kiswahili chake safi kabisa, "mwanangu shikamana na mama yako, kilo zimezidi, nibebee haka tu tutaonana Dar". Kabegi keusi ka mkononi, kana kufuli. Nikamwambia mama samahani, tukafungue wote pale kaunta kwa wahudumu. Akasema basi, akahamia kwa kijana mwingine mbele, nikamfuata yule dogo nikamwambia asipokee. Jamani China gramu 50 za heroini zinatosha kukufikisha kwenye hukumu ya kifo, na ukikutwa na begi mkononi ni lako, habari za mama sijui nani utamwambia nani.

Mama Salma: Asante mleta uzi. Mimi begi likiwa kwenye mzani nalipiga picha na kilo zake zionekane, na ile stika ya namba wanayonipa siitupi mpaka nifike nyumbani. Kuna dada wawili wa Brazil mwaka 2023, wahudumu wa mizigo uwanja wa São Paulo walibandua tagi zao wakabandika kwenye mabegi ya kokeini, wakakamatwa Frankfurt wakakaa ndani siku 38! Kilichowatoa ni video za kamera za uwanjani. Hawakubeba kitu cha mtu wale.

Mtoto wa Kisauni: Niongeze dawa. Bi mkubwa wangu alikuwa anakwenda Dubai kwa dada, kwenye mkoba ana tramadol, vidonge vya maumivu ya mgongo, kavifunga kwenye kikaratasi tu bila boksi. Nikavitoa. Kule tramadol na kodeini ni dawa za kuombewa kibali kabla hujasafiri, na uende na cheti cha daktari na boksi lake, hawaangalii kwamba ni mzee anaumwa.

Mpita njia: Transiti ndefu je? Bole pale, epoti ya Addis Ababa, watu wanalala chini usiku kucha.

Mleta uzi: Mkanda wa begi zungushia mguuni, pasi na hela viwe mwilini ndani ya nguo sio kwenye koti ulilojifunika. Na mtu akikuomba umwangalizie begi aende chooni, mwambie aende nalo, hata kama mmepiga stori masaa matatu.

Mpita njia: Sawa mkuu. Na mzigo wa ndugu? Shemeji kanipa kifurushi nimpelekee mtu Muscat, nitafunguaje bila kumkosea heshima?

Mama Salma: Mwanangu fungua mbele yake. Mimi wifi yangu alinipa dagaa na makobazi mawili, nikamwaga dagaa zote kwenye sinia, makobazi nikayakunja soli nione kama yameshonwa upya, nikafunga mwenyewe. Alininunia mwezi mzima, na siku hizi mzigo wake anauleta wazi, tunaufunga pamoja sebuleni.