Bibi yao Mjamaika hataki kuwasimulia wajukuu alivyokuja Uingereza, nifanyeje?

MamaTunu:
Wakuu habari za jioni. Niko London, mume wangu kazaliwa huku ila wazazi wake Wajamaika. Mama mkwe aliingia 1961 akafanya unesi hadi kustaafu. Shuleni wanangu wamefundishwa Windrush, ile meli iliyofika Tilbury Juni 1948, basi wao wanajua kila Mjamaika kashuka kwenye meli hiyo, na bibi yao eti naye alikuwemo 😂 Nikimwomba awasimulie anajibu yamepita hayo, halafu anawasha tivii. Nyie wazee kama hawa mnawaanzaje?

Babu Peckham:
1961 siyo bure dada. Mwaka ule watu walikuwa wanawahi maana fununu za kufungwa mlango zilishaenea, na kweli sheria ya uhamiaji ikaanza kubana Julai 1962. Ila usimuulize "ulikujaje", hilo swali la mwalimu. Muulize chumba cha kwanza alipanga wapi, hita ya mafuta ya taa waliiweka wapi na nguo zilivyokuwa zinanuka. Na pardner pia, upatu wao huo, kila wiki mnampelekea mmoja hela anazishika, zamu yako ikifika unabeba zote. Benki zilikuwa zinawapiga chenga kwahiyo nyumba kibao za Brixton, mtaa wao huku London kusini, kianzio kilitoka humo.

Zuhura_86:
Naongezea, kuna kidonda hapo. Wengi waliacha watoto kwa bibi zao wakaja kuwaita baada ya miaka, mtoto anafika eapoti mama mwenyewe hamjui. Kama mama mkwe naye kaacha mtoto nyuma usimchokonoe mbele ya wajukuu, muulize mkiwa wawili tu.

mtu_wa_makaratasi:
Mkikaa naye skanini pasi za zamani, barua, hati za mshahara. Ile kashfa ya Windrush ya 2018, serikali kuwafanya wakazi halali kama wahamiaji haramu, iliwakuta watu waliokuja wadogo kabla ya 1973, haki ya kukaa wanayo ila ushahidi hawana, na serikali yenyewe 2010 ilishaharibu kadi zao za kuingilia nchini. Wengine walirudishwa kabisa jamani. Kazi hiyo wape watoto, wanaiweza.

MamaTunu:
Asanteni. Jumapili nimemtupia la pardner akiwa anapika wali wa maharage na tui, kumbe yeye ndo alikuwa mshika hela wa wodi nzima! Kaongea mpaka ukoko ukaungua. Mkubwa sasa anataka kujua walikuwa wanachanga pauni ngapi, bibi kagoma, anasema hesabu za watu hazitajwi.