ECR: imeji imepakiwa, seva ya akaunti nyingine inagoma kuivuta

Swali
Wakuu, imeji yetu ya kontena iko ECR (rejista ya AWS ya kuhifadhi imeji), kanda ya Cape Town. Kwenye laptopu inapanda na kushuka vizuri. Seva ya wenzetu, wenye akaunti yao ya AWS, inaleta `no basic auth credentials`. Wakishaingia, inakuja `not authorized to perform: ecr:BatchGetImage`. Halafu leo tumepakia `latest` mpya, lakini wao bado wanaendesha ya zamani. Tatizo liko wapi?

mzee_wa_kontena
Hayo ni makosa mawili, msiyachanganye. La kwanza ni tokeni (nywila ya muda ya kuingilia ECR):

`aws ecr get-login-password --region af-south-1 | docker login --username AWS --password-stdin 111111111111.dkr.ecr.af-south-1.amazonaws.com`

Namba ni ya akaunti yako, si yao. Waangalie na sudo: ukiingia bila sudo kisha ukavuta kwa `sudo docker pull`, Docker inasoma faili la root, wakati tokeni imekaa kwenye `~/.docker/config.json` ya mtumiaji. Ndiyo maana mtu anaapa ameingia. Tokeni yenyewe huisha baada ya saa 12, kwa hiyo kwa seva wafunge `amazon-ecr-credential-helper`, inayochukua tokeni yenyewe, waachane na kuingia kwa mkono.

ruhusa_kwanza
La pili linatakiwa kufunguliwa pande zote mbili. Wewe weka sera kwenye hazina ya imeji: `Principal` akaunti yao, `Action` ni `ecr:BatchGetImage` na `ecr:GetDownloadUrlForLayer`. Wao waweke hizohizo kwenye IAM (mfumo wa ruhusa wa AWS) ya seva, waongeze `ecr:GetAuthorizationToken` yenye `Resource: "*"`. Hiyo ya mwisho ukiibana kwa ARN (kitambulisho kamili) ya hazina, haifanyi kazi.

mzee_wa_kontena
Kuhusu `latest`: ni lebo tu kama nyingine. `docker run` ikiikuta kwenye diski haiulizi rejista. Tumia hashi ya komiti ya Git (alama ya kipekee ya toleo la msimbo) kama lebo, kisha washa `IMMUTABLE` ili isiandikwe juu. Na kila ulipopakia `latest` upya, ile ya awali ilibaki bila lebo na bado unailipia nafasi. Weka sera ya kufuta zisizo na lebo zikifikisha siku 14.

Mwuliza swali
Imeshuka, shukrani. Sasa kontena inakufa na `exec format error`.

ruhusa_kwanza
Umejengea kwenye Mac ya M1, sivyo? Prosesa yake ni arm64, seva yao ni Intel (amd64). Jenga upya kwa `docker build --platform linux/amd64`, upakie tena kwa lebo mpya, maana `IMMUTABLE` haikubali kuandika juu ya ile ya awali.